Věra Soukupová kwenye santuri: mwongozo kamili wa kuisikiliza sauti nzito ya opera ya Kicheki

Soprano, mwimbaji wa kike wa sauti ya juu, hupewa jalada la santuri. Mwimbaji wa tena, mwanamume wa sauti ya juu, naye hupewa, na kondakta ndiye kabisa: jina lake huchapwa kubwa kuliko la mtunzi. Kontralto, mwanamke wa sauti nzito ya chini, huwekwa mstari wa tatu kwa herufi ndogo, kwa sababu opera humgawia kazi za mama mkwe, mchawi, nabii wa kike, yaya na mjane. Huingia usiku umeshakwenda, akaimba dakika tano, akaondoka. Ukitaka kumjua mwimbaji wa aina hii kwa kununua santuri moja yenye picha yake na nyimbo kumi na mbili zilizochaguliwa, utarudi mikono mitupu. Lazima umfuate ndani ya santuri za watu wengine.

Mwongozo huu unamfuata mmoja wao, Věra Soukupová. Alizaliwa Praha mwaka 1932, akaanzia katika nyumba ya opera ya mji wa Plzeň mwishoni mwa miaka ya 1950, kisha akaingia Národní divadlo, ukumbi wa taifa wa Praha. Kwa zaidi ya miaka 20, kampuni ya santuri ya Supraphon ilipohitaji sauti nzito ya kike kwa kazi kubwa, aghalabu ni yeye aliyeitwa. Ndiyo maana sauti yake imehifadhiwa vizuri, ila imetapakaa: kipande katika misa, kipande katika oratorio (kazi ndefu ya waimbaji, kwaya na okestra), mchawi huku, malkia kule. Nimezipanga hatua kuanzia dakika tano hadi opera nzima. Hatua ya kwanza inaonekana ya kitoto, usiiruke.

Hatua ya 1: Achana na spika ya simu

Aliyepita kwenye kwaya anaijua sauti ya pili. Anajua pia siri ambayo walimu wa kwaya hawaisemi hadharani: wengi wanaopangwa sauti ya pili ni soprano ambao nafasi za juu zimejaa, au wasomaji wazuri wa noti wanaoweza kushika mstari wa kati bila kuyumba. Kontralto halisi ni mwingine. Ni mwanamke ambaye makazi ya sauti yake yako chini, na anaposhuka chini ya do ya kati haonekani kama anayeteremka ngazi gizani. Ndiyo kwanza amefika kwake. Ni wachache sana, kiasi kwamba nyumba nyingi za opera huzijaza kazi zao kwa mezzosoprano, yaani wanawake wa sauti ya kati, walioongezewa ujasiri.

Sasa jambo la kiufundi. Noti ya sol iliyo chini ya do ya kati hutetema takriban mara 196 kwa sekunde, na fa iliyo chini yake takriban 175. Spika ndogo ya simu haina nguvu huko. Inakupa konsonanti, inakupa mng'ao wa juu wa sauti, lakini mwili wenyewe wa noti inauacha nje. Ukimsikiliza Soukupová kwa spika ya simu utasikia mezzosoprano wa kawaida mwenye hasira kidogo, na utashangaa sifa zote hizi ni za nini.

Tafuta hedfoni zinazofunika sikio zima, au spika mbili za mezani zilizowekwa mbali kidogo na ukuta. Si lazima ziwe za bei kubwa. Zima kile kitufe cha kuongeza besi: kinavimbisha ala za chini mpaka zinamfunika mwimbaji. Kama bando linaruhusu, chagua ubora wa juu katika mipangilio ya programu yako ya muziki. Faili iliyobanwa mno huzichafua konsonanti, nazo katika Kicheki na Kijerumani ni nusu ya kazi.

Hatua ya 2: Tafuta kwa jina la kondakta

Andika "Soukupová" peke yake na utaletewa watu wengine kabisa, maana jina ni la kawaida kule, na kuna hata mwandishi wa riwaya mwenye jina hilo. Programu za muziki huorodhesha kazi za zamani kwa jina la kondakta na okestra, na waimbaji wanne huenda wasionekane mpaka ufungue maelezo ya albamu, pengine hata humo wasiwemo. Basi tafuta hivi: mtunzi, kazi, kondakta. Dvořák, Stabat Mater, Smetáček. Prokofiev, Alexander Nevsky, Ančerl. Ukishaipata albamu ndipo uhakikishe jina lake limo. Jaribu kuandika bila alama pia: Vera Soukupova, Ancerl, Smetacek.

Makondakta wa kukumbuka ni wachache. Karel Ančerl, aliyenusurika Auschwitz ambako familia yake iliangamia, aliiongoza Česká filharmonie, okestra kubwa ya Praha, kuanzia 1950 hadi 1968. Václav Neumann alimpokea kijiti akakaa nacho hadi 1990. Václav Smetáček aliongoza okestra nyingine ya Praha, FOK, kwa miaka 30, lakini alialikwa pia kuongoza filharmonie, na ndivyo ilivyo kwenye santuri tunayoihitaji. Ančerl ndiye rahisi kumpata kwa sababu Supraphon ilikusanya rekodi zake katika mfululizo mmoja uitwao Ančerl Gold Edition, na sauti imesafishwa kwa uangalifu.

Ukibahatika kukuta santuri yenyewe, ile ya plastiki nyeusi, katika duka la mitumba huko Ulaya au Marekani, soma mgongo wa jalada. "Alt" ndiye unayemtafuta, "sbor" ni kwaya, "řídí" hutangulia jina la kondakta. Jina la Artia lisikutishe: hiyo ilikuwa kampuni ya Praha iliyouza bidhaa za utamaduni nje ya nchi, na muziki ndani ni uleule wa Supraphon.

Hatua ya 3: Dakika tano za Erda

Anza Ujerumani, mbali na Ucheki kidogo. Mwaka 1966 Soukupová aliimba Bayreuth, katika ukumbi ambao mtunzi Wagner aliujenga kwa ajili ya opera zake mwenyewe, chini ya kondakta Karl Böhm. Maonyesho yalirekodiwa moja kwa moja mbele ya hadhira, na Philips ikayatoa kama sehemu ya Ring nzima, mfululizo wa opera nne za Wagner, ambayo mpaka leo haijaondoka madukani. Yeye ni Erda, mama wa ardhi, katika Das Rheingold na katika Siegfried.

Fungua Das Rheingold na uende moja kwa moja onyesho la nne, karibu na mwisho. Utafute wimbo ulioandikwa "Weiche, Wotan, weiche!" Mambo yamefikia hapa: Wotan, mkuu wa miungu, amejengewa kasri na majitu mawili, na sasa wanadai malipo. Amempora kibete Alberich pete yenye nguvu zote, na majitu wanaitaka pete hiyo iongezwe juu ya rundo la dhahabu. Anakataa. Wote wanamsihi, anakataa. Jukwaa linaingia giza, na mwanamke anachomoza kutoka ardhini mpaka kiunoni.

Sikiliza mara tatu, kila mara na kazi yake.

Mara ya kwanza, sikiliza okestra peke yake. Utasikia muziki unaopanda polepole kutoka kwenye ala za chini za kupulizwa. Ni ule muziki wa mto Rhine unaofungua opera, safari hii umetiwa huzuni na kufanywa mzito. Kisha Erda anatamka kwamba kila kilichopo kina mwisho, na siku ya giza inawajia miungu. Hapo muziki unaopanda unageuka na kushuka. Wagner ameuweka mwisho wa opera nne katika mapigo machache, na kuna watu wamesikiliza Ring miaka mingi bila kuligundua hilo.

Mara ya pili, msikilize yeye. Angalia anavyoanza. Waimbaji wengi wa Erda huingia na sauti ya kutisha, kama hakimu. Soukupová anaingia akiwa ametulia, kila noti imekaa mahali pake, na uzito unatokana na rangi ya sauti bila kusukuma. Böhm anakwenda haraka. Hampi nafasi ya kuelea juu ya noti na kujipendekeza. Mimi naona hiyo imemsaidia. Onyo linalosemwa kwa mwendo wa kawaida linaogofya kuliko onyo linaloburutwa.

Mara ya tatu, msikilize Wotan baada yake. Theo Adam ana sauti kubwa ya kiume, lakini kwa sekunde chache anasikika mdogo. Ukishalisikia hilo umeelewa kwa nini mtunzi huandika kazi ya kontralto.

Siku nyingine, ukiwa hujachoka, sikiliza mwanzo wa tendo la tatu la Siegfried. Wotan, sasa msafiri anayezunguka dunia, anamwamsha Erda kwa nguvu katikati ya dhoruba. Mwanamke yuleyule anajibu kama mtu aliyetolewa usingizini: mawazo mazito, maneno yanachelewa. Anamwuliza kwa nini asiwaulize binti zake, au Brünnhilde, binti aliyezaa na Wotan. Akisikia kwamba Brünnhilde ameadhibiwa na baba yake mwenyewe, usingizi unaruka na sauti inapata makali. Tazama jinsi Soukupová anavyosafiri kutoka ukungu hadi ghadhabu bila kubadilisha sauti ya msingi. Ni dakika kama 15, na ndizo zinazonifanya niseme huyu alikuwa mwigizaji mkubwa pia.

Hatua ya 4: Sehemu ya tisa ya Stabat Mater

Hapa ndipo nyumbani kwake. Stabat Mater ya Dvořák ni utenzi wa Kilatini unaomhusu Maria chini ya msalaba, ule ambao Wakatoliki wanaufungamanisha na Njia ya Msalaba. Dvořák aliuanza baada ya kumzika mtoto wake mchanga Josefa mwaka 1875. Akauweka kando. Mwaka 1877, ndani ya wiki chache, wakafa Růžena na Otakar, akabaki yeye na mkewe Anna bila mtoto. Akaurudia na kuumaliza. Kazi ina sehemu kumi, na ilisikika mara ya kwanza Praha mwaka 1880.

Rekodi unayoitaka ni ya 1961: Smetáček, Česká filharmonie, Stefania Woytowicz wa Poland akiimba soprano, Ivo Žídek sauti ya tena, Kim Borg wa Finland besi, na Soukupová akiwa na umri wa chini ya miaka 30. Nina rafiki anayesisitiza kwamba rekodi za baadaye zina sauti safi zaidi. Ni kweli, na bado narudi kwenye hii.

Usianze mwanzo. Anza na sehemu ya pili, "Quis est homo". Yeye ndiye anayeifungua, kabla wenzake hawajaingia mmoja baada ya mwingine. Swali la utenzi ni rahisi: ni nani asiyelia akimwona mama huyu? Sikiliza anavyolitamka bila kilio. Waimbaji wakishaingia wote wanne, jizoeze kumfuatilia yeye katikati. Hili ni zoezi la sikio kweli kweli, na waliokulia kwenye kwaya watalipenda: soprano anakuvuta juu, besi anakuvuta chini, na kazi yako ni kubaki na mstari wa pili hadi mwisho. Ukipotea, rudi nyuma. Ukiweza kumfuata mpaka mwisho wa sehemu hiyo, hutahitaji tena mtu wa kukuonyesha alipo katika rekodi nyingine yoyote.

Kisha ruka hadi sehemu ya tisa, "Inflammatus et accensus". Hii ni yake peke yake. Maneno yanamwomba Bikira amlinde mwombaji siku ya hukumu asiteketee kwa moto. Dvořák ameyawekea mwendo wa hatua sawa kwenye besi, ufunguo wa re ndogo, kitu ambacho kingeweza kuandikwa karne moja na nusu kabla yake. Hatua zinakwenda tu, hazisubiri, na mwimbaji hana pa kujificha: mistari mirefu, pumzi ndefu, na mirukio kutoka juu hadi chini inayowafichua wenye sauti mbili zilizounganishwa kwa gundi.

Hapo ndipo pa kusikiliza kwa makini. Kila mwimbaji wa kike ana sauti ya kifua na sauti ya kichwa, na mahali zinapokutana ndipo penye mtihani. Wengi wakishuka unasikia mlango unafunguliwa: ghafla anakuja mtu mwingine, mnene, wa kiume kidogo. Soukupová anashuka na mlango hausikiki. Rangi inakolea taratibu, kama chai inavyokolea rangi majani yakiachwa. Rudia mistari ya "in die judicii" mpaka uweze kusema ni noti ipi aliyobadilisha. Mimi mara nyingi nakosa.

Hatua ya 5: Wanawake wawili, uwanja wa vita na mji wa tauni

Rekodi mbili za Ančerl za miaka ya 1960 zisikilizwe jioni moja, kwa sababu zinamwonyesha mwimbaji yuleyule akitumia sauti yake kwa njia zinazopingana.

Ya kwanza ni Alexander Nevsky, kantata ambayo Prokofiev aliitoa mwaka 1939 kutokana na muziki wake wa filamu ya mwongozaji Eisenstein ya mwaka uliotangulia. Habari yake ni ushindi wa Warusi dhidi ya mashujaa wa Kijerumani juu ya ziwa lililoganda, mwaka 1242. Sehemu ya tano ni vita yenyewe, ndefu, kelele tupu za shaba na chuma. Isikilize yote, kwa sauti ya juu kadiri majirani watakavyovumilia. Usiruke, kwa sababu sehemu ya sita inategemea uchovu wa ile ya tano. Barafu imepasuka, kimya, na msichana anatembea kati ya maiti. Anasema atayabusu macho ya waliokufa. Anasema hataolewa na mwanamume mzuri wa sura, kwa kuwa uzuri wa dunia huisha. Ataolewa na shujaa.

Huo ndio mchango wote wa mwimbaji katika kantata nzima: wimbo mmoja wa dakika chache. Kuna waimbaji wanaoupiga kama wimbo wa taifa. Soukupová anauimba kwa sauti ya karibu, kama anayeongea na maiti mmojammoja. Sikiliza mwisho wa kila mstari: haukati, anauacha upungue wenyewe.

Ya pili ni Oedipus Rex ya Stravinsky, kazi ya 1927, maneno ya mwandishi Mfaransa Cocteau yakiwa yamegeuzwa Kilatini ili yasikike kama jiwe. Msimulizi hapa ni Mfaransa Jean Desailly, anazungumza Kifaransa. Oedipus ni Ivo Žídek. Soukupová ni Jocasta, malkia wa Thebes. Mji una tauni, wakuu wanagombana, na yeye anaingia mwanzoni mwa tendo la pili kuwakemea: "Nonn' erubescite, reges." Hamwoni haya, wafalme?

Fuata hoja yake, maana ni ya mtu mwenye akili anayejikaanga mwenyewe. Anataka kuthibitisha kwamba manabii ni waongo. Walitabiri Laius, mume wake wa kwanza, angeuawa na mwanawe, na badala yake aliuawa na wanyang'anyi kwenye njia panda. Kwaya inalidaka neno hilo, "trivium", njia panda, inalirudia na kulirudia. Oedipus anaanza kuogopa: aliwahi kumwua mzee mmoja kwenye njia panda. Muziki unaanza kwa fahari ya kifalme, kisha mwendo unakimbia na malkia anazungumza haraka kuliko anavyofikiri. Katika sehemu hiyo ya kasi Soukupová anatumia noti za chini kama kisu. Linganisha na msichana wa barafu. Ukifumba macho utadhani ni watu wawili, na kwa kweli alizirekodi ndani ya miaka michache tu.

Kumbuka kwamba kazi zote mbili huandikiwa mezzosoprano. Hakuna anayelalamika.

Hatua ya 6: Mchawi mara mbili

Rusalka ya Dvořák ilifunguliwa Praha Machi 1901, na kila mtu anajua wimbo mmoja, ule wa kuuomba mwezi. Dakika chache tu baada yake Rusalka, ambaye ni nguva, anamwita Ježibaba, mchawi wa msituni, amgeuze binadamu ili ampate mwanamfalme wake. Bei ni sauti yake: kati ya watu atakuwa bubu. Halafu inakuja dawa yenyewe, "Čury mury fuk", maneno ya kichawi yasiyo na maana, yenye mdundo wa kuchezeka.

Sikiliza rekodi mbili. Ya kwanza ya 1952, chini ya Jaroslav Krombholc, ina Marta Krásová. Huyu alizaliwa Protivín mwaka 1901, mwaka uleule wa Rusalka, na alitawala kazi hizi Národní divadlo tangu 1928 hadi 1966. Rekodi ni ya mono na mapambo ya jukwaani hayasikiki, lakini Krásová anaimba kama bibi mwenye nyumba: mamlaka, mzaha wa baridi, hajali. Ya pili ni ya Neumann, iliyorekodiwa 1982 na 1983, Gabriela Beňačková akiwa Rusalka, Soukupová akiwa mchawi mwenye umri wa miaka 50 hivi.

Usitegemee sauti ya 1961. Juu kuna ukavu kidogo, pumzi si ndefu kama zamani. Ila chini kumezidi kukolea, na ameongeza kitu ambacho Erda hakuwa nacho: ucheshi. Mchawi wake anafurahia kazi. Sikiliza tendo la tatu, Rusalka aliyesalitiwa anaporudi kuomba msaada na Ježibaba anamkabidhi kisu: damu ya mwanamume itakurudisha kwenu. Rusalka anakitupa kisu majini. Katika tusi linalofuata, Soukupová hapigi kelele. Anacheka na noti.

Kati ya wachawi wawili, mimi namchagua Krásová kwa dawa ya tendo la kwanza na Soukupová kwa kisu. Wewe chagua wako.

Na kwa kuwa umeshamkuta Krásová, usimwache njiani. Kuna Jenůfa ya 1953 chini ya Jaroslav Vogel ambamo yeye ni Kostelnička, mlezi mkali wa kanisa anayemzamisha mjukuu wake wa kambo barafuni ili aiokoe heshima ya nyumba. Sikiliza mwisho wa tendo la pili, dirisha linapofunguliwa na upepo na yeye anapiga ukelele kwamba mauti yanachungulia ndani. Kuna pia Stabat Mater ya 1952 chini ya Václav Talich, kwa hiyo ile sehemu ya tisa unaweza kuipata kwa mdomo wa mwalimu wa kizazi kilichotangulia. Talich anakwenda kama mtu anayesali; Smetáček kama mtu anayetembea kwenda kusali.

Hatua ya 7: Opera ambamo kontralto anapendwa

Mpaka hapa ni mama wa ardhi, mwombaji, mfiwa, malkia wa msiba, mchawi. Hatua ya mwisho ndiyo iliyonifanya niandike mwongozo huu. Smetana alipoteza kusikia mwaka 1874, na akiwa kiziwi alitunga Tajemství, yaani Siri, iliyoonyeshwa Praha 1878 kwa maneno ya mshairi wa kike Eliška Krásnohorská. Mhusika mkuu wa kike ni Panna Róza, mwanamke mtu mzima ambaye hakuolewa, na ni kontralto.

Zamani Kalina alimpenda Róza, na jamaa zake wakamkataa kwa sababu ya umaskini. Miaka imepita, wamekuwa majirani wanaochukiana, na Kalina kwa kiburi anajionyesha kama tajiri. Kunapatikana barua ya mtawa marehemu inayomweleza Kalina njia ya kufikia hazina. Tendo la kwanza linaishia kwa vichekesho vya mji mdogo: kila anayeijua siri anamwapisha mwenzake asiseme, na kabla usiku haujaingia mji mzima unayo. Kalina anachimba njia chini ya ardhi akiamini kuna dhahabu. Anatokea ndani ya nyumba ya kina Róza. Hazina aliyoahidiwa ni Róza mwenyewe, ambaye angemkubali hata wakati ule, kama angekuja tu kumwomba.

Rekodi ni ya Zdeněk Košler na kundi la Národní divadlo, ya mwanzoni mwa miaka ya 1980. Václav Zítek ni Kalina. Itakuchukua kama saa mbili. Isome hadithi kwanza. Vijitabu vya Supraphon mara nyingi vina maneno ya Kicheki pamoja na Kiingereza, Kijerumani na Kifaransa, na kama huna kijitabu, muhtasari hapo juu unatosha kwa mara ya kwanza. Gawanya kwa jioni tatu, tendo moja kila jioni.

Mfuatilie Róza anapogombana na Kalina, maana ugomvi huo ni wa watu waliowahi kupendana, na Soukupová anauimba hivyo: makali juu, joto chini. Halafu sikiliza anapobaki peke yake. Hakuna nabii hapa, hakuna moto wa hukumu. Ni mwanamke anayeuliza kwa nini mtu hakuja, kwa sauti ileile iliyomtisha Wotan. Soprano akipewa mstari huo, utamsikia msichana. Hapa unasikia miaka iliyopita.

Vinavyoweza kungoja

Misa ya Glagolitiki ya Janáček, rekodi ya Ančerl ya 1963, ni moja ya rekodi kubwa za karne hiyo, na jina la Soukupová limo. Isikilize kwa ajili ya Janáček, kwaya na tarumbeta. Mzigo wote umebebwa na soprano na tena. Alto, yaani Soukupová, anapata mistari michache kuelekea mwisho, na ukiifungua kwa ajili yake utaona umeonewa. Svatá Ludmila, oratorio ya Dvořák chini ya Smetáček, inampa nafasi kubwa zaidi katika sehemu ya Svatava, lakini ni kazi ndefu yenye kwaya nyingi, na itakufaa ukishazoea Kicheki masikioni. Simfonia ya nane ya Mahler chini ya Neumann ina waimbaji wanane pamoja na kwaya kubwa. Kumtambua humo ni mtihani wa kumaliza darasa.

Kitu kimoja cha kufanya unapoendelea: programu nyingi huruhusu kutengeneza orodha yako mwenyewe. Tengeneza moja yenye vipande vyake tu, Erda mbili, sehemu ya pili na ya tisa ya Stabat Mater, uwanja wa maiti, Jocasta, dawa na kisu, na matukio ya Róza uliyoyachagua. Andika pembeni dakika na sekunde anazoingia, kwa sababu nyimbo za opera hukatwa tofauti kila toleo jipya linapotoka. Ipe orodha jina lake, na picha yake ukiipata iweke jaladani.